Moroko au Tunisia: hesabu siku zako kwanza

Anayetaka kuijua Afrika Kaskazini, na Misri ameshaiona au ameiweka kando, kwa kawaida hubaki na majina mawili: Moroko na Tunisia. Libya bado si nchi ya kwenda kutalii kwa utulivu, na Algeria inastahili makala yake yenyewe. Hizi mbili zilizobaki zinafanana kiasi cha kuchanganya. Zote zilijitoa mikononi mwa Wafaransa mwezi mmoja, Machi 1956: Moroko tarehe 2, Tunisia tarehe 20. Zote zina miji ya kale iliyozungushiwa kuta, jangwa upande wa kusini, bahari upande wa kaskazini, na kuskusi mezani. Ukiangalia picha tu, huwezi kuchagua.

Ushauri wangu nautoa mapema, halafu nieleze. Kama una siku kumi au zaidi, nenda Moroko. Kama una wiki moja tu, nenda Tunisia, hata kama moyo umeshaipenda Marrakech. Watu huchagua nchi kwa umaarufu wake, kisha wanajaribu kuibana ndani ya likizo waliyo nayo. Moroko haikubali kubanwa.

Umbali

Moroko, bila kuhesabu Sahara Magharibi, ina kilomita za mraba 446,000 na ushee. Tunisia ina 163,000 hivi. Lakini ukubwa wa ramani si tatizo kubwa kama milima iliyolala katikati. Kutoka Marrakech hadi Merzouga, yalipo matuta makubwa ya mchanga ya Erg Chebbi, ni kilomita 560 hivi, na barabara inapanda hadi Tizi n'Tichka, mita 2,260 juu ya usawa wa bahari, kona baada ya kona. Ni safari ya kutwa nzima. Zile safari za jangwani za siku tatu zinazouzwa kila uchochoro wa Marrakech ni kweli zinakufikisha, ila sehemu kubwa ya siku hizo tatu utaipitisha dirishani mwa gari. Ukitokea Fes ni karibu zaidi kidogo, lakini bado ni siku nzima. Chefchaouen, ule mji wa rangi ya buluu, hauna reli; unafikika kwa basi au gari tu.

Sasa linganisha na Tunisia. Ukiwa Tunis unapanda treni ndogo ya TGM kituo cha Tunis Marine, inavuka juu ya ziwa la Tunis, na kwa nauli ndogo sana unashuka Carthage, kisha Sidi Bou Said, na jioni umerudi hotelini kwako. Kairouan, mji mtakatifu wa Waislamu wa huko, iko kilomita 160 hivi kusini. Uwanja wa Kirumi wa El Jem uko kilomita 200 na kidogo, kwenye njia ya reli inayokwenda Sfax. Magofu ya Dougga ni kilomita 110 hivi upande wa magharibi. Hata Tozeur, kule kwenye mitende ukingoni mwa jangwa, ni karibu kilomita 450 za barabara isiyo na milima ya kutisha. Kwa siku saba mtu anaona mji mkuu, mji mtakatifu, magofu, jangwa na ufuo, bila kukimbizana.

Kwa vyombo vya usafiri vyenyewe, Moroko iko mbele sana. Treni ya Al Boraq, ya kwanza ya mwendo kasi barani Afrika, ilianza Novemba 2018; inafikia kilomita 320 kwa saa na kukutoa Tangier hadi Casablanca kwa saa mbili na dakika chache. Treni za kawaida za ONCF, shirika la reli la nchi hiyo, zinaunganisha Casablanca, Rabat, Meknes, Fes na Marrakech, na mabasi ya CTM huondoka kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi. Treni za Tunisia ni za zamani na huchelewa. Wenyeji wengi husafiri kwa louage, gari la abiria wanane linaloondoka likijaa, kama Hiace zetu za mikoani. Angalia mstari ubavuni mwa gari: mwekundu ni wa masafa marefu, wa buluu ni wa ndani ya mkoa, wa njano ni wa vijijini. Hakuna ratiba, lakini asubuhi hayakawii kujaa, na nauli imepangwa, hakuna kupatana. Magari yakipungua jioni, mipango yako nayo imekwisha, kwa hiyo safari ndefu ianze mapema.

Miji ya kale

Hapa ndipo ningetaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu hapa nchi hizi mbili zinashikana mikono. Msikiti wa al-Qarawiyyin wa Fes, uliokuja kuwa chuo kinachotajwa kuwa miongoni mwa vikongwe zaidi duniani, unasimuliwa kuanzishwa mwaka 859 na mwanamke, Fatima al-Fihri. Familia yake ilitoka Kairouan, mji uleule wa Tunisia, na jina la msikiti limebeba asili hiyo. Yaani fahari kubwa ya Fes ina mizizi Kairouan. Anayeona Fes bila kujua hili ameiona nusu.

Fes yenyewe haina mfano. Mji wa kale wa Fes el-Bali hauingii gari. Mizigo hubebwa na punda na nyumbu, na ukisikia mtu akipiga kelele nyuma yako, jibane ukutani mnyama apite. Viwanda vya ngozi vya Chouara bado vinatia rangi kwenye mabwawa ya mawe, na harufu yake itakufikia kabla hujaviona. Marrakech ni kitu kingine: uwanja wa Jemaa el-Fna usiku, moshi wa nyama, ngoma, wasimulizi, wachezesha nyoka. Inasisimua, na inachosha. Utaitwa, utafuatwa, utaambiwa njia unayopita imefungwa na kijana atajitolea kukuonyesha nyingine, kisha atataka fedha. Jibu ni kukataa kwa upole, mara moja, na kuendelea kutembea. Anayetaka mwongozaji amtafute mwenye kitambulisho rasmi kupitia nyumba aliyofikia, bei ikubaliwe kabla ya kuondoka.

Mji wa kale wa Tunis ni mtulivu kuliko hiyo miwili. Wenye maduka wanakuita, unakataa, maisha yanaendelea. Katikati yake uko msikiti wa Zaytuna, chuo cha elimu ya dini kwa karne nyingi, na kuuzunguka ni masoko ya manukato, ya vitambaa na ya zile kofia nyekundu za chechia. Sehemu nyingi zimechakaa, na baadhi ya watalii hulalamikia hilo. Mimi naona ndiyo nguvu yake: watu wanaishi humo, hawajahama ili kupisha hoteli.

Kwa msomaji Mwislamu kuna jambo jingine la kuzingatia. Kairouan ilianzishwa mwaka 670 na Uqba ibn Nafi, na msikiti wake mkuu, wenye ua mpana, msitu wa nguzo zilizochukuliwa kwenye majengo ya kale ya Kirumi, na mnara mzito wa pembe nne, ni kati ya misikiti muhimu kabisa ya bara hili. Katika mji huohuo amezikwa sahaba wa Mtume, Abu Zama'a al-Balawi. Huko utaswali na Wamaliki, na wengi wao, kama ilivyo Moroko, huachia mikono ubavuni wakiwa wamesimama. Aliyekulia kwenye Ushafii wa pwani atagundua mara moja, na hakuna atakayemsumbua. Asiye Mwislamu huko Kairouan huishia uani. Moroko ni kali zaidi: misikiti karibu yote haimruhusu asiye Mwislamu kuingia kabisa, isipokuwa Msikiti wa Hassan II wa Casablanca, uliofunguliwa 1993, ambao mnara wake una mita 210 na sehemu ya jengo imesimama juu ya bahari.

Magofu

Kwa historia ya kale zaidi ya Uislamu, Tunisia inashinda, na inashinda kwa mbali. Moroko ina Volubilis karibu na Meknes, mahali pazuri penye picha za vigae zilizobaki sakafuni na korongo wanaotaga juu ya nguzo. Tunisia ina El Jem, uwanja wa mapigano wa karne ya 3 uliokadiriwa kuchukua watazamaji 35,000, umesimama katikati ya mji mdogo ambao nyumba zake hazifiki hata nusu ya kimo chake. Ina Dougga, mji mzima wa Kirumi juu ya kilima cha mizeituni, na mara nyingi utautembea karibu peke yako. Ina Bardo, jumba la makumbusho lenye mkusanyiko wa vigae vya Kirumi ambao ni vigumu kuupata kwingine. Lilifungwa 2021, likafunguliwa tena Septemba 2023.

Carthage inahitaji tahadhari ya matarajio. Roma iliibomoa mwaka 146 kabla ya Kristo, ikajenga mji wake juu yake, na baadaye mawe ya mji huo nayo yakachukuliwa kujengea kwingine. Kilichobaki kimetawanyika kati ya nyumba za matajiri wa leo. Usitafute mji, tafuta vipande, anza na mabafu ya Antoninus kando ya bahari, na usome habari za Hannibal, jemadari wa Carthage aliyepigana na Roma, kabla ya kufika. Bila hadithi, utaona mawe tu.

Milima, mchanga, maji

Mlima mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini ni Toubkal wa Moroko, mita 4,167. Anayetoka nchi ya Kilimanjaro hatashtushwa na namba hiyo, lakini Toubkal una faida yake: unaanza kijiji cha Imlil, unalala kwenye nyumba ya wapanda mlima, na siku ya pili umefika kileleni na kushuka. Nenda na mwongozaji mwenye kibali, na wakati wa baridi jiandae kwa theluji na barafu. Eneo hilo la milima ya Atlas ndilo lililopigwa na tetemeko la Septemba 8, 2023, la ukubwa wa 6.8, lililoua karibu watu 3,000. Vijiji vinajengwa upya, na fedha ya mgeni anayelala na kula huko inawafikia watu moja kwa moja. Tunisia haina milima ya namna hiyo. Kilele chake kirefu, Chambi, kina mita 1,544 tu, na eneo hilo la mpaka wa Algeria mtalii hana sababu ya kwenda, kwa ajili ya usalama.

Matuta ya Merzouga ni marefu na mazuri kuliko yale ya Douz ya Tunisia, hilo nalikubali bila ubishi. Ila kusini mwa Tunisia kuna mchanganyiko usioupata Moroko kwa umbali mfupi hivyo: Chott el Jerid, uwanda wa chumvi unaokatizwa na barabara iliyonyooka, ambao jua likiwaka hukuonyesha maji yasiyokuwepo, mashamba ya tende za Deglet Nour huko Tozeur, na Matmata, ambako watu walichimba nyumba zao ardhini kuzunguka shimo la wazi, kukimbia joto.

Bahari ndiyo inayowadanganya watu wa pwani yetu. Moroko ina ufuo mrefu sana, lakini mwingi ni wa Atlantiki, na mkondo wa baridi unaoteremka kutoka kaskazini hufanya maji yawe ya baridi hata kiangazi. Essaouira ina upepo karibu mwaka mzima. Ni mahali pa kucheza na mawimbi, kula dagaa waliochomwa pale bandarini na kusikiliza muziki wa Gnawa, si pa kulala majini kama Nungwi au Diani. Anayetaka kuogelea aende Tunisia kati ya Juni na Septemba: Hammamet, Mahdia, au kisiwa cha Djerba, maji ya Mediterania yakiwa yameshapata joto.

Mtu mweusi akienda

Makala nyingi za watalii hazigusi jambo hili, kwa sababu zimeandikwa na watu lisilowahusu. Sisi linatuhusu.

Februari 2023 Rais Kais Saied wa Tunisia alitoa kauli kwamba kuna mpango wa kubadilisha sura ya watu wa nchi hiyo kupitia wahamiaji wanaotoka kusini mwa Sahara. Umoja wa Afrika uliilaani kauli hiyo. Katika majuma yaliyofuata watu weusi walishambuliwa, wengine wakafukuzwa kwenye nyumba za kupanga na kazini, na nchi kama Ivory Coast, Guinea na Mali zikatuma ndege kuwarudisha raia wao. Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Tunisia ilifuta utumwa mwaka 1846, miaka 51 kabla ya Zanzibar, na kwamba Oktoba 2018 ilipitisha sheria ya kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa kosa la jinai. Nchi hiyo pia ina raia wake weusi, wengi wao kusini.

Mtalii aliyefika kwa ndege, mwenye hoteli na tiketi ya kurudi, hayuko katika hali ya mhamiaji aliyekwama Sfax. Lakini mtu wa barabarani hawezi kukutofautisha kwa macho, wala askari hawezi mpaka aone karatasi. Kwa hiyo tembea na pasipoti, uwe na nakala ya hoteli na tiketi kwenye simu, lala mahali palipoandikishwa rasmi, na kaa mbali na mitaa ya Sfax na pwani yake ambako boti za kwenda Italia huondokea. Moroko nayo haina usafi kamili katika hili; msako dhidi ya wahamiaji upo, hasa kaskazini karibu na Tangier na Nador, na maneno ya dharau utaweza kuyasikia. Hata hivyo Rabat na Casablanca zina wanafunzi na wafanyakazi wengi kutoka Senegal, Ivory Coast na Kongo, kiasi kwamba uso mweusi si jambo la kugeuziwa shingo. Mwenzetu anayesafiri peke yake kwa mara ya kwanza, nitamwambia aanze na Moroko, hata kama ana wiki moja. Achague Fes, Meknes na Rabat, jangwa aliache. Ndilo jambo pekee linalobadilisha ushauri niliotoa mwanzoni.

Fedha, pasipoti, lugha, tumbo

Maisha ya Tunisia ni nafuu kuliko ya Moroko, kuanzia chumba hadi kahawa, na tofauti inaonekana zaidi ukilinganisha na Marrakech. Dinari ya Tunisia na dirhamu ya Moroko ni fedha za ndani. Hutazipata kwenye duka la kubadilisha fedha Nairobi wala Dar es Salaam. Badilisha ukifika, tunza risiti, na urudishe zilizobaki kabla ya kuondoka, kwani dinari ni marufuku kutoka nazo nje. Dinari moja ina milimu 1,000, ndiyo maana bei za dukani huandikwa na tarakimu tatu baada ya nukta, usishtuke.

Kuhusu viza, masharti yanategemea pasipoti uliyoshika na pia kibali cha ukaazi ulicho nacho. Mwenye makazi Ulaya au Marekani anaweza kuwa na njia rahisi ya mtandaoni ya kuingia Moroko ambayo ndugu yake wa Mwanza hana. Ulizia ubalozini kabla ya kulipa hoteli isiyorudisha fedha. Kwa ndege, kutoka Afrika Mashariki njia za kawaida hupitia Cairo, Istanbul, Doha au Dubai.

Kifaransa kinafanya kazi kubwa pande zote mbili. Msomaji wa Goma, Bukavu au Bujumbura atajisikia yuko nyumbani kuliko wa Mombasa, ambaye Kiarabu chake cha madrasa kitamsaidia kusoma mabango lakini si kuelewa mazungumzo ya sokoni. Kiingereza kinapatikana zaidi Moroko, kwenye miji ya watalii.

Chakula cha Moroko ni cha taratibu: tajini ya kondoo na plamu zilizokaushwa, mdalasini, zafarani, supu ya harira, chai ya nanaa yenye sukari nyingi. Cha Tunisia kina pilipili. Harissa, rojo la pilipili, iko kwenye kila meza, kuskusi hupikwa kwa samaki, na briki, sambusa pana nyembamba yenye yai bichi linaloivia ndani ya mafuta, inataka ustadi wa kula bila kuchafuka. Asubuhi ya baridi tafuta lablabi, bakuli la dengu nene juu ya vipande vya mkate, mafuta ya zeituni na bizari. Kwa ulimi wangu, Tunisia.

Msimu mzuri kwa nchi zote ni Aprili na Mei, kisha Oktoba. Julai na Agosti Marrakech huvuka nyuzi 40. Ramadhani, ambayo miaka hii inaangukia Februari na Machi, ina usiku mzuri lakini mchana mikahawa mingi hufungwa, na Moroko hurudisha saa nyuma kwa mwezi huo.

Ukitaka zote mbili

Inawezekana, ila si kwa barabara. Algeria iko katikati, na mpaka wake na Moroko umefungwa tangu 1994. Tafuta ndege ya Casablanca na Tunis. Mpenda historia atapata raha ya pekee: Tangier alizaliwa msafiri Ibn Battuta mwaka 1304, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutuachia maelezo ya miji hiyo, na Tunis alizaliwa mwanahistoria Ibn Khaldun mwaka uliofuata ziara hiyo, 1332, na sanamu yake imesimama kwenye barabara ya Habib Bourguiba. Anza na Tunisia siku sita, umalize Moroko siku nane au tisa, kwa sababu ununuzi mwingi utaufanya Fes na Marrakech, na mazulia hayafai kubebwa kuvuka viwanja viwili vya ndege. Dinari zibadilishe zote Tunis kabla ya kupanda.